Isipokuwa

Mswada uliletwa Jumatatu, kurasa arubaini na moja,
ungali na joto la mashine,
niutie Kiswahili kabla ya kikao cha Alkhamisi.
Mezani kwangu, Chukwani: kamusi mbili, chai ya mchaichai,
na feni inayozunguka kama mtu aliyelazimishwa.

Neno la kwanza tu likanikwamisha.
Niliandika bunduki ya nusu otomatiki, nikafuta.
Nusu ya nini?
Nusu saa naijua. Nusu mkate. Nusu kaputi.
Nusu shari pia naijua,
ile tunayoambiwa ni heri kuliko shari kamili.
Nikampigia Mzee Vuai, aliyelinda ghala ya silaha hadi kustaafu.
"Ukivuta, moja hutoka," akasema.
"Kabla hujashusha pumzi, ya pili ishajipanga mlangoni."
"Kwa hiyo nusu ni kazi yake, nusu ni ya kidole?"
Akacheka hadi akakohoa.
"Andika hivyo uone kama watapitisha."

Sikuandika hivyo. Niliandika:
silaha inayojipakia yenyewe
na kutoa risasi moja kwa kila mvuto wa kifyatulio.
Kifungu cha saba: magazini isizidi risasi kumi.
Nikahesabu kwa vidole.
Mikono yote miwili ikajaa.

Usiku nikampigia mama, Wete, mtaa wa Jadida.
Huyo ndiye pekee ninayemjua
anayesikiliza Baraza kuanzia dua hadi kuahirishwa.
"Huo mswada wenu," akasema,
"ile iliyokuja mlangoni kwetu imo?"

Mlango wetu ni wa mfenesi, una tundu
shibiri moja chini ya komeo.
Mwanzo tuliliziba kwa sabuni ya mche.
Sabuni ikakauka, ikaanguka,
tukaliziba kwa karatasi za madaftari ya Asaa,
maana Asaa hakuwa na haja nazo tena.
Kisha nyigu wakahamia, tukawaachia.

Nikamwambia subiri, nikafunua kurasa
kama anayechagua mchele.
Imo, mama. Kifungu cha saba. Urefu wa mtutu, idadi, yote imo.
"Alhamdulillahi."
Halafu nikafika cha ishirini na tatu,
kinachoanza na neno lisilotaka kamusi:
Isipokuwa.
Isipokuwa aibebaye kwa kazi, kwa sare, kwa amri.

Nikanyamaza.
"Nisomee," akasema. Nikamsomea.
"Basi ile yetu iko upande huo,"
akasema bila hasira,
kama mtu aliyeambiwa duka limehamia ng'ambo ya barabara.
Akaniuliza kama nimekula.

Alkhamisi alisimama mmoja:
"Mheshimiwa Spika, visiwani humu nani anazo?
Jimboni kwangu silaha nzito ni manati ya kunguru!"
Wakacheka, wakapiga meza.
Akasimama mwengine: kinga ni bora kuliko tiba.
Wakapiga meza tena.
Nilikuwa juu, nyuma ya kioo, nahesabu vishindo.
Vilipita kumi, nikaacha.

Ukapita.
Na mtu asiseme naukejeli. Ni sheria njema.
Huenda kuna mtoto Kojani, au Nungwi, hajazaliwa bado,
atakayeota mvi kwa sababu ya kifungu cha saba,
na asijue, na hapana haja ajue.
Ningekuwa na kura ningeitoa kwa mikono miwili.

Ila katika nakala ya mwisho nilisogeza mistari kidogo,
neno lile likabaki peke yake chini ya ukurasa,
na baada yake weupe, shibiri nzima.
Mpiga chapa, kijana makini, akanipigia simu:
"Dada, ukurasa wa thelathini na mbili una tundu. Nilizibe?"

Nikatazama feni.
"Liwache," nikamwambia.